Sufuria za Mwezi wa Mlisho

Tudor, Mombasa
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Kabla hujaendelea kusoma, keti. Nakujua, ukipokea barua umesimama utaisoma umesimama mpaka mwisho, na goti lako halitaki hivyo. Linaendeleaje hilo goti? Ile dawa ya kuchua niliyomtumia Barasa akuletee imefika, au kaka yangu ameichulia mguu wake aliouumiza akicheza mpira? Ng'ombe amezaa? Na kona ya chumba chako inayovuja, bado mnaitegeshea beseni? Nauliza yote kwa mfululizo kama watu wa hapa. Mombasa ukitaka kununua hata kitunguu, kwanza utaulizwa hali yako, hali ya nyumbani, na hali ya watoto usiokuwa nao, nawe uulize vilevile, ndipo kitunguu kipimwe. Mwanzoni niliona wananichelewesha. Siku hizi muuzaji asiponiuliza hali naenda kwa mwingine.

Mimi ni mzima kabisa. Joto ni lilelile, ila mwili umezoea. Bado napika katika ile hoteli ya Makupa, pale magari yanapoingilia kisiwani kutoka bara, na wateja wetu wengi ni madereva wa malori. Ni watu wa kwetu na wa Ukambani na wa Uganda, wanakula kwa bidii na hawasifu chakula. Dereva akirudisha sahani tupu bila neno, hiyo ndiyo sifa yake. Jioni narudi chumbani kwangu Tudor, naoga, nafungua dirisha upande wa mkono wa bahari, na hapo ndipo nakukumbuka.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Tulipozungumza kwa simu mara ya mwisho uliniuliza pesa za nyumba yako ziko wapi. Nikakwambia zipo, ukaaga upesi. Kuaga kwako kwa namna hiyo nakujua tangu utotoni. Kisha Barasa akanieleza kwamba Baba mdogo Wekesa anasema sokoni kuwa msichana hajengei mtu nyumba, kwamba tangu lini binti akamwita fundi, na kwamba pesa hizo zimeshaliwa na mwanamume wa pwani mwenye kikoi. Sikutaka kujibu kwa simu. Kwenye simu salio huisha nikiwa katikati, unabaki na nusu ya habari, na nusu ya habari ndiyo Baba mdogo anayopenda kuipeleka sokoni. Basi hii hapa nzima. Mwanamume hakuna, ila kuna sufuria.

Unamkumbuka Bi Zuhura niliyewahi kukutajia, yule mama mtu mzima wa Mji wa Kale niliyekuwa nikimfulia nguo nilipofika hapa mara ya kwanza. Kazi ya kumfulia niliiacha, lakini yeye hakuniacha. Aliniingiza katika mchezo wao wa wanawake. Kila wiki tunachanga, mmoja wetu anapokea, na kinachobaki kinaingia katika debe la biskuti ndani ya kabati lake la nguo. Tuko wachache. Mimi ni wa bara peke yangu, na Kadzo, Mgiriama anayekaanga viazi karai karibu na kwangu hapa Tudor, ndiye tuliyezoeana naye zaidi. Waliobaki ni majirani wa Bi Zuhura. Benki yeye hataki kuisikia, kwa sababu faida ya benki kwa dini yake ni riba. Kwa hiyo pesa zetu zilikaa kabatini kati ya mabuibui yake, na kila zikitoka zilinukia udi. Nilikuwa nikilipia nauli ya tuktuk kwa noti inayonukia, dereva ananigeukia kunitazama mara mbili.

Basi katika mwezi wa Mlisho, Mzee Swaleh, aliyekuwa akikodisha vyombo vya harusi pale Mji wa Kale, akatangaza kwamba anauza vyote ahamie Malindi kwa watoto wake. Mama, hujaona sufuria za harusi za hapa. Mtoto anaweza kuingia ndani akachuchumaa usimwone. Zina miiko mirefu kunizidi kimo, na masinia ambayo watu wanalizunguka moja na kushiba wote. Familia inayomwoza binti haina vyombo vya namna hiyo, lazima ikodi. Na bei aliyotaka Mzee Swaleh ilikuwa ya chini sana, hata mimi nisiyejua bei ya vyombo niliona kuna jambo.

Jambo lilikuwa ni mwezi wenyewe. Kwa hesabu ya Waislamu, Mlisho ndio unaotangulia Ramadhani, na katika Ramadhani hapa haolewi mtu. Sufuria ya harusi ikiingia mwezi huo inalala kifudifudi mpaka Idi ipite. Kila mtu Mji wa Kale alilijua hilo, ndiyo maana kila aliyeulizwa alisema tutaonana baada ya Idi, na mzee wa watu hakutaka kungoja.

Tukakutana kwa Bi Zuhura kushauriana, na mashauri yenyewe yakawa mateto. Kadzo hakutaka kabisa. Kaka yake alishawishiwa kwenye simu kuweka pesa mahali zinapozaa kila wiki, zikazaa wiki za mwanzo, kisha waliozichukua wakazima simu, na mpaka leo kaka yake anakwepa kupita mbele ya watu aliowaingiza. Kadzo akasema pesa ya debeni haina faida lakini akifungua kabati ataikuta. Nikamwona ana haki. Nikakusikia wewe ndani ya sauti yake.

Bi Zuhura akamwacha amalize. Kisha akatueleza habari ambayo sikuwahi kuisikia. Marehemu mumewe alikuwa akificha pesa ndani ya mto wa kulalia, noti za elfu za zamani, na hakumwambia mtu. Serikali ilipobadilisha noti na siku za kubadilisha zikapita, mto ulikuwa bado uko kitandani. Bi Zuhura alizikuta akiushona upya.

"Naliziweka kichwani nikilala juu yake," akasema, "wala sijui kama zimo. Kumbe zimo, na zimekufa."

Tukakubaliana tununue, ila debe peke yake halikutosha. Kila mmoja ilibidi aongeze kutoka mfukoni, na pesa yangu ya mfukoni, Mama, ilikuwa nyumba yako.

Nitakwambia nilivyofikiri ili ujue sikukurupuka. Nilifikiri juu ya Baba na miwa. Nilikumbuka alivyoipalilia, alivyokuwa akiipitia asubuhi kabla ya chai, na kiwanda kilivyoibeba kwa trekta na kutuachia ahadi. Alikufa akingojea malipo ya miwa iliyokwisha kuwa sukari kwenye chai za watu. Najua ndipo ulipoanza kusema kwamba pesa usiyoweza kuishika si pesa, na sijawahi kukulaumu kwa hilo. Lakini nikajiambia, kosa la Baba halikuwa kupanda. Shida ilikuwa kwamba mali yake ikishapanda trekta ilikuwa mikononi mwa mtu asiyemjua. Sufuria hii itakaa kwa Bi Zuhura, naweza kuigonga kwa kidole nikaisikia. Kwa hiyo nikagawa. Nusu ya pesa za nyumba yako nikaiweka kwenye sufuria, na nusu nyingine nikaiacha pale pale ilipokuwa, nikaapa kwamba hata nikilala njaa siigusi. Sijaigusa.

Siku ya kuvihamisha vyombo ilikuwa kichekesho. Hamali walizipakia sufuria juu ya mkokoteni, na vichochoro vya Mji wa Kale ni vyembamba, kila aliyekutana nasi ilibidi aingie mlangoni kwa mtu atupishe, na kila mwenye mlango akauliza ni harusi ya nani mwezi huu. Tulipofika, ile kubwa kuliko zote ikakataa kuingia jikoni kwa Bi Zuhura. Tuliigeuza huku na huku, hamali mmoja akachubuka mkono, haikuingia. Ikabaki ukumbini, na wageni wa Bi Zuhura sasa wanakunywa kahawa wakiegemea sufuria.

Ramadhani ikaingia na vyombo vikalala kama tulivyojua vitalala. Lakini kujua jambo na kulingoja ni vitu viwili. Huko nyumbani mvua ikaanza, Barasa akaniambia beseni limekuwa mabeseni mawili, na Baba mdogo akanipigia mwenyewe kunipa pole kwa kutapeliwa. Nilimshukuru kwa adabu zote, nikakata simu, nikalia, nikaenda kazini.

Halafu vijana wa msikiti mmoja wa karibu na Makupa wakaja kwa Bi Zuhura. Walitaka kupika futari barabarani, kwa wasafiri na madereva na yeyote atakayekutwa na magharibi yuko mbali na kwao. Walihitaji sufuria. Bi Zuhura aliwapa papo hapo, na hakuwatajia bei. Mimi nilipata habari kwa Kadzo, na nilitoka Tudor mpaka Mji wa Kale kwa miguu kwa sababu hasira yangu isingetosha ndani ya tuktuk.

Nilimkuta anachagua mchele. Nikamsalimia, maana hata ukigombana na Bi Zuhura huanzi bila salamu. Kisha nikamwambia vyombo ni vyetu sote, na kwamba yeye ana kwake, lakini mimi ndani ya sufuria zile nina nyumba ya mama yangu.

Hakuinua macho kutoka kwenye ungo. "Ndoo ukae," akasema. "Hiyo nyumba ya mamako haipungui tofali. Mwezi huu hatukodishi, mwanangu, mwezi huu twatoa. Ijara yangoja Mfunguo Mosi."

Ndoo kwao ni njoo, ijara ni malipo ya kukodi, na Mfunguo Mosi ndio mwezi wa kwanza baada ya Ramadhani. Sikukubali, na sikukaa. Niliondoka nimenuna. Lakini nikawaza wale vijana, hawajapika maishani mwao, watakwaruza sufuria kwa chuma na kuziunguza chini. Kwa hiyo nilipomaliza zamu yangu hotelini nikavuka barabara kwenda kuilinda mali yangu. Nikawakuta wanakoroga uji kama watu wanaosafisha mtaro, na tayari umeanza kushika. Nikamnyang'anya mmoja mwiko. Kesho yake nikaenda tena, na siku iliyofuata hawakuwasha moto mpaka nifike. Uji wenyewe ni wa unga na pilipili manga na sukari, haufanani na wetu, lakini uji ni uji, haupendi kuachwa. Mkristo wa Bungoma nikapika futari mwezi mzima, madereva wangu walewale wakaja na vikombe, na baadhi yao, Mama, walisema asante.

Katikati ya mwezi huo mtoto wa Kadzo akashikwa na tumbo, hospitali ikasema apasuliwe siku hiyohiyo, na hawakutaka maneno kabla ya pesa. Bi Zuhura akafungua kabati. Michango iliyoingia debeni tangu tununue vyombo ilitosha, kwa taabu, na mtoto sasa anakimbia. Siku ile niliona wewe na Kadzo mko sahihi. Sufuria huwezi kuipeleka hospitali ukawaambia wakate kipande. Nilimwambia Bi Zuhura hivyo, naye akakubali bila ubishi, na tangu hapo ni sharti letu kwamba kila ijara ikiingia, nusu inakwenda debeni kabla hatujagawana hata shilingi.

Maana ijara imeingia, Mama. Idi ilipopita tu, harusi zikafumuka kama hapa hakuna kazi nyingine isipokuwa kuoana. Wa kwanza kuja alikuwa mzee wa heshima anayemwoza binti yake. Wapwa zake walikuwa wamefuturu pale Makupa, na hakuuliza kama tuna vyombo. Alisema anataka zile sufuria za uji, na yule dada wa bara aliyekuwa akiukoroga. Nilidhani Bi Zuhura ananitania aliponieleza.

Basi nikaomba ruhusa hotelini nikaenda kupika pilau ya harusi Mji wa Kale. Bi Zuhura alikaa kwenye kiti nyuma yangu na kuamuru, tia hiki, punguza moto, subiri, nami natia na kupunguza na kusubiri, jasho linanitoka hadi kwenye kope. Chakula kilipokwisha kupakuliwa, mama wa bibi harusi akatoka uani na dhahabu zake zote, akauliza mpishi ni nani. Nilitaka kumwonyesha Bi Zuhura. Yeye akaniwahi.

"Ni huyu mwanangu," akasema. "Atoka bara."

Yule mama akanishika mikono yote miwili, yenye mafuta na masizi, akaniombea dua. Sijui kama Bi Zuhura ataelewa siku moja alichonipa kwa neno lile. Niliingia kwake kwa mlango wa nyuma nikiwa nimebeba beseni la nguo. Nina fahari, Mama, na sioni haya kuisema kwako. Tangu siku ile hakuna wiki ambayo sufuria zimelala, na wanaokuja sasa huulizia vyombo na mpishi kwa pamoja.

Sasa hesabu yako ni hii, na nakuomba uisome kwa sauti Baba mdogo akiwa karibu. Msingi na kuta zitatoka kwenye ile nusu niliyoishika kama usemavyo wewe. Ipo, nzima, siku yoyote fundi akiitaka ataipata. Mabati yatatoka kwenye sufuria. Nusu niliyoiweka huko haijarudi yote, sitakudanganya, lakini inarudi kila harusi, na mabati hayatakiwi mpaka kuta zisimame. Hata harusi zikikatika kesho, kuta utakuwa nazo, na wewe unajua kuwa binti wa Baba akishakuwa na kuta hashindwi na bati. Kumbe mlikuwa mnasema kweli, wewe na yeye. Yeye alipanda, wewe ukashika, na mimi nimewafuata wote wawili.

Nisalimie bibi yangu Kukhu, umwambie bado nampikia uji wake kichwani. Kaka yangu Barasa, mwenye dawa ya goti, msalimie na umwulize mguu. Dada wa Baba aliye Kimilili, aliyenipa nauli ya kuja huku na hakuwahi kuidai, mwambie nauli yake imefika mbali. Mwalimu wa kwaya naye msalimie. Na Baba mdogo Wekesa mpe salamu mara mbili, kwa sababu amehangaika sana na habari zangu.

Mvua ikipungua, mwite fundi aje kupima. Chumba chako kielekee asubuhi kama ulivyotaka siku zote, na madirisha yawe unavyopenda. Mimi nina neno moja tu kwa fundi, na mwambie asilibadilishe hata akiona ni ujinga. Tumekubaliana hapa kwamba Krismasi nije na sufuria moja nikupikie wewe na kijiji, na Bi Zuhura amenichagulia yeye mwenyewe. Ni ile ya ukumbini. Kwa hiyo mlango wa jikoni kwako aufanye mpana.

Ni mimi binti yako,
mpishi wa harusi,
Nanjala